Nani Anamfungia Kidoti Vifungo?

Nyumba ya chini,
Mkabala na kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu za mama yako kabla ya neno lingine lolote. Hujambo? Mumeo hajambo? Kile kikohozi ulichokuwa unakificha juzi kwa kusogeza simu mbali kimepona, au bado unanificha? Nilikisikia. Ukiniambia ni vumbi la ofisini nitaitikia, lakini sitaamini mpaka nikuone kwa macho yangu.

Huku sote tu wazima. Goti langu linauma likitaka na kuacha likitaka, nimeshalizoea. Baba yako bado anakaa na meza yake ya kutengenezea saa pale dirishani, mimi na cherehani yangu upande wa ukuta, na katikati yetu ndipo lilipo zulia la Kidoti. Mwenyewe Kidoti ana afya nzuri, mashavu yamejaa, na kile kidoti cheusi kilichompa jina kinaelekea kusogea karibu na sikio kwa jinsi uso unavyotanuka. Anawaulizia kila siku. Akisikia mlio wa simu huacha anachofanya na kusema, "Mama huyo," hata kama ni mteja anaulizia suruali yake.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati tuliongea juzi tu. Simu ya nyumba hii huwekwa spika, kila mtu anasikiliza, na jambo ninalotaka kukueleza linamhusu mtu wa humu humu ndani. Kwa hiyo nimekuja kuandikia huku karakana ya ushonaji, milango imefungwa, hakuna wa kunichungulia begani. Soma mpaka mwisho kabla hujapiga simu ya kelele.

Mlipoondoka mlisema wazi, na sijasahau. Mngemchukua Kidoti mwisho wa mwaka huu, ikiwa anaweza kupanda ngazi mwenyewe, maana mnakaa ghorofa ya juu na lifti hakuna, na ikiwa anaweza kula na kujivalisha, maana chekechea ya huko haipokei mtoto wa kulishwa. Mtaalamu wa mazoezi pale kliniki ndiye mliyemwachia kazi ya kuwaambia kama yuko tayari. Akikosa nafasi ya Januari, anangoja mwaka mzima tena. Nilisikia sauti yako ulipoyasema hayo, na nikajiapiza kwamba hatakosa kwa uzembe wangu.

Unakumbuka tulivyompokea. Mtoto njiti, miguu laini, vidole vikishika kitu vinakiachia hapo hapo kana kwamba kimeviunguza. Mtaalamu alituambia kichwa chake hakina kasoro, ila misuli inataka kazi, ile mikubwa ya kumbeba na ile midogo ya vidole, na kwamba kazi yenyewe ni michezo ya nyumbani tu, kila siku, bila kumgombeza. Basi nikaigeuza nyumba. Nilimpa vibanio vya nguo avibane kwenye ukingo wa ndoo. Nilimpa rili tupu za uzi azipitishe kwenye kamba ya kiatu. Alikanda unga, akachana karatasi zangu za vipimo, akamimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile, akilowesha sakafu nikanyamaza, na unanijua mimi na sakafu yangu. Kwa ajili ya miguu nilichora mstari wa chaki ya kushonea kutoka mlangoni hadi jikoni, akautembea huku amenyoosha mikono. Tulipiga mpira wa matambara ukutani. Tuliruka kutoka kizingitini, yaani yeye aliruka, mimi nilishangilia. Na kila asubuhi tulipanda ngazi za jengo mpaka kule juu kunakoanikwa nguo, ameshika chuma kwa mkono mmoja.

Halafu nikamshonea kizibao. Mwanzo nilikitia vifungo vikubwa kama vizibo vya chupa, kisha kila alipovizoea nikavikata na kutia vidogo zaidi, bila kumwambia. Kufikia Agosti alikuwa anafunga vyote isipokuwa cha shingoni ambacho hakioni. Alikuwa anakula kwa kijiko chake mwenyewe, nusu mdomoni, nusu kifuani. Nilikwambia kwenye simu ukacheka mpaka ukalia. Hayo yalikuwa kweli tupu, sikutia chumvi.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda mrama.

Unajua mchana huwa natoka kuja huku karakana kwa sababu ya mashine ya ovaloki ya kupindia kingo za nguo, na Kidoti hubaki na baba yako na dada wa kazi. Mwezi wa tisa nikaanza kuona kitu nikirudi. Namwambia Kidoti fungua kizibao tuoge, ananyoosha kifua na kunisubiri. Namwambia twende juu tukatoe nguo, ananyanyua mikono abebwe. Nikamuuliza, "Kwa nini hufungui, mama?" Akaniangalia usoni akasema, "Mikono imelala, Bibi." Nikaishika ile mikono nikaifinya kidole kimoja kimoja. Nikafikiri ule udhaifu wa mwanzo umerudi kwa mlango wa nyuma. Siku hizo sikuwa napata usingizi wa maana, na wewe ukiniuliza kwenye simu nilisema anaendelea vizuri, kwa sababu sikujua niseme nini kingine.

Lakini mimi ni mshonaji, nimezoea kutazama nguo kuliko watu, na nguo ndizo zilizonifanya nianze kushuku. Kile kitambaa anachofungwa kifuani wakati wa kula kilikuwa safi. Mtoto wa miaka mitatu anayejilisha hawezi kuwa na kitambaa safi, hata awe malaika. Vifungo vya kizibao vilikuwa vimekaa sawasawa, mstari mmoja, shingo hadi kiunoni. Yeye mwenyewe siku zake nzuri hukosea tundu moja na upande mmoja ukaning'inia. Nyayo za viatu vyake hazikuwa na lile vumbi jeupe la ngazi. Nikasema hapa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu mtoto si mgonjwa, huyu mtoto ana mtu anayemfanyia kila kitu.

Nilimshuku dada wa kazi, nani mwingine? Nikadhani anataka kumaliza kazi haraka ili akae na simu yake. Nikamweka jikoni nikamuuliza kwa nini anamlisha mtoto. Akaweka sufuria chini. "Mama, mimi mchana wote niko juu na nguo. Kumlisha nimlishe saa ngapi?" Nikamwambia kitambaa hakidanganyi. Machozi yakamlenga, akasema, "Basi muulize anayebaki naye chini." Nikamwona ana mdomo mrefu, nikamnunia siku nzima. Baadaye nimemwomba radhi, na amenisamehe, ingawa chai anayoniletea siku hizi haina sukari na sijui kama ni bahati mbaya.

Ikaja siku ya kliniki. Baba yako, ambaye hata jino likimuuma haendi hospitali, akasema atatusindikiza. Hilo nalo lilinishangaza. Mtaalamu akammwagia Kidoti shanga kubwa mezani na kamba azitunge, kitu ambacho alikuwa anakifanya huku anaimba. Kidoti akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akamtazama babu yake. Mtaalamu akajaribu mpira, akajaribu zile ngazi zao ndogo za mbao, hakuna. Akaniambia kwa upole, "Amerudi nyuma. Tukiendelea hivi sitaweza kuwaambia wazazi wake kwamba yuko tayari." Kabla sijafungua mdomo, baba yako akadakia, "Basi tusimharakishe, daktari. Mtoto ni mtoto." Yule si daktari, na baba yako anajua. Machale yakanicheza. Njiani kurudi alimbeba begani na kumpigia miluzi, ana furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Sikutaka kumtuhumu mtu niliyeishi naye miaka yote hii bila ushahidi, hasa baada ya yale ya dada wa kazi. Nikatumia kazi yangu. Kesho yake, kabla ya kutoka, nilichukua chaki ya kushonea ya buluu nikaisaga, nikaipaka kwa ndani ya kizibao, nyuma ya kila kifungo, pale ambapo lazima kidole gumba kiguse ili kifungo kipite. Nikamwambia Kidoti akikivua na kukivaa afanye mwenyewe. Nikatoka zangu kana kwamba sina habari.

Niliporudi, Kidoti alinikimbilia. Vidole vyake vilikuwa safi kabisa, hata chembe ya buluu hakuna. Dada wa kazi nikamwomba anipokee kikapu, nikatazama mikono yake, sabuni tupu. Baba yako alikuwa anamkabidhi mwalimu mmoja saa yake iliyotengenezwa. Mwalimu akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Mzee, hii rangi kwenye kioo ni nini?" Alama ya kidole gumba, buluu, katikati ya kioo. Wewe unamjua baba yako. Tangu nimjue hajawahi kumrudishia mtu saa yenye alama ya kidole. Akaifuta mbio mbio kwa kitambaa, na kadiri alivyofuta ndivyo alivyozidi kuipaka buluu.

Nilingoja mteja aondoke. Nikamtuma dada wa kazi na Kidoti dukani wakanunue mkate. Kisha nikasimama mbele ya meza yake nikamwambia, "Nyoosha mikono." Hakuuliza kwa nini. Akainyoosha, kisha akakitoa kile kioo chake cha jichoni.

"Unamlisha," nikasema.

"Namlisha."

"Unambeba ngazini."

"Nambeba."

"Na ile mikono iliyolala?"

Hapo akainamisha kichwa. Kumbe ulikuwa mchezo wao. Alimfundisha kwamba Bibi akija, au mama wa kliniki akija, mikono inalala, na anayeiamsha kwanza ameshindwa. Na Kidoti wetu, unavyojua anavyopenda kushinda, alishinda kila siku. Mimi nilikuwa nakonda kwa hofu, nawaza ugonjwa, na hao wawili wanacheza. Damu ilinichemka, mwanangu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamuuliza kama anataka kumlemaza mtoto wa bintiye.

"Simlemazi, Bibi Kidoti," akasema. "Namchelewesha tu. Akijua kupanda ngazi, atapanda za kwao."

Nikamwambia kwamba wewe pia ni mtoto wake, na unakwenda kuingia mwaka mwingine bila kumshika mwanao, na kwamba vidole vinavyofanyiwa kila kitu vinasahau, na yeye fundi saa ndiye wa kwanza kulijua hilo. Aliitikia kila neno. Kisha akaniuliza, "Na sisi?" Hivyo tu. Nikaenda kuwasha jiko.

Aliniomba nisikwambie. Nilimwambia sitasema kwenye simu, na sijasema. Usimgombeze ukipiga. Mzee yule amekuwa na aibu kiasi kwamba kwa siku kadhaa alikuwa ananipisha mlangoni kama mgeni.

Adhabu niliyompa ni kwamba yeye ndiye atakayemfundisha. Nilitangaza kwamba mikono imeamka na mchezo umekwisha, na mshindi sasa ni yule atakayefanya mwenyewe. Kidoti alikubali palepale, wazee ndio tunaopata shida na mambo kama haya. Baba yako akamtolea saa kubwa ya mezani, ya kengele, akamfundisha kuitia ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, mpaka inapokaza. Skrubu na vipande vidogo nimepiga marufuku, na huwa nachungulia chini ya zulia kuhakikisha. Ngazini mzee anapanda nyuma yake, mikono mfukoni kwa amri yangu. Nikirudi nyumbani nakagua nyayo, nakagua kitambaa, na asubuhi bado napaka chaki, rangi tofauti kila siku ili asinizoee. Mpaka leo vidole vya mzee ni safi. Namwamini, lakini napaka.

Wiki iliyopita Kidoti alipanda mpaka juu bila kushikwa. Alisimama katikati kupumzika, akamwambia babu yake asubiri, akaendelea. Kule juu kulikuwa na upepo, nikampa kizibao. Alikaa chini kabisa sakafuni, akatoa ulimi pembeni, akaanza kufunga. Ilichukua muda mrefu, mashuka yote niliyatoa kwenye kamba nikayakunja, bado anafunga. Baba yako alikuwa anapumua kama yeye ndiye aliyepanda ngazi mbio. Mara mbili niliona mkono wake unatoka mfukoni na kurudi. Kidoti alipomaliza, alikuwa amekosea tundu, upande mmoja umening'inia, na kola imemziba shavu. Akasema, "Tayari." Mzee akageukia ukuta akajifanya anatazama kiwanda cha mikate.

Ijumaa tulirudi kliniki. Shanga zote alizitunga, akapanda zile ngazi ndogo za mbao na kuruka kutoka juu kabla hajaruhusiwa. Mtaalamu amesema yuko tayari na atawapigia wiki hii. Na mimi nilivyo, nilimtazama usoni kuona kama ananifurahisha tu. Hakuwa ananifurahisha. Kidoti yuko tayari, mwanangu. Nimeyaandika haya mwenyewe ili usije ukamsikia baba yako akikwambia kwenye simu kwamba bado ni mdogo, kwamba baridi ya huko itamdhuru, kwamba mngoje kidogo. Atayasema, namjua.

Sasa nikwambie lililonifanya nije huku kukuandikia leo, siku ambayo karakana haina mtu.

Jana asubuhi Kidoti alikuwa mezani anamenya yai la kuchemsha. Lilikuwa linamsumbua, maganda yanatoka vipande vidogo vidogo, na yeye ametulia, anayapanga kando ya sahani. Nilikuwa nimekaa naye. Sikuwa na haraka yoyote, hakuna aliyeniita, cherehani ilikuwa imefunikwa. Nilikuwa nawaza tu kwamba Januari meza hii itakuwa na sahani mbili. Nilipokuja kushtuka, yai lilikuwa mkononi mwangu, limemenywa lote, limekatwa, na nilikuwa nimeshapeleka kipande mdomoni mwake. Na yeye alikuwa ameshafungua mdomo.

Kwa hiyo usingoje mwisho wa mwaka. Omba ruhusa, njooni mapema, hata kama ni kwa kumkuta bado hajajua kifungo cha shingoni. Baba yako anaye wa kumchunga, ni mimi. Mimi sina wa kunichunga.

Nisalimie mumeo sana, na mama yake, na wifi yako yule wa duka la dawa, mwambie sindano za mashine alizonitumia zimefika na ni za saizi yangu. Dada wa kazi anakusalimu. Baba yako angekusalimu kama angejua ninaandika. Kidoti alichora mstari hapo chini kabla sijatoka nyumbani, karatasi ikiwa bado tupu, kwa mkono wake mwenyewe, hakuna aliyemshika, hilo naliapia. Mungu awape afya, aliponye hilo koo unalonificha, na awafikishe hapa mlangoni salama.

Ni mimi, akupendaye kuliko anavyokuamini,

Mama yako